Nakala Kavu Iliyokwenda Likunja

Siku ya kwanza kazini sikupewa kiti wala meza. Nilipewa ghala. Mkuu wa Ghala wa mradi wetu pale Nachingwea, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alifungua mlango wa bati, akanionyesha mifuko ya salfa iliyopangwa mpaka karibu na paa, akaniambia nihesabu. Nikahesabu. Nilipompelekea jibu hakulitazama. Akaniambia nihesabu tena, safari hii nianzie nyuma. Nikaanzia nyuma, nikapata jibu jingine. Nilijua kazi imeota mbawa kabla sijalala nayo hata usiku mmoja.

"Vizuri," akasema. "Anayepata jibu lilelile siku ya kwanza huwa hajahesabu. Amekumbuka."

Nilikuwa nimetoka sokoni. Tangu utotoni nilikaa na mama kwenye ufuta, na nilijua jinsi mnunuzi anavyoegemeza kidole kwenye mizani huku anakuuliza habari za watoto. Kwa hiyo kuhesabu mara mbili hakukunitisha. Kilichonitisha ni kulipwa mwisho wa mwezi bila kupatana na mtu. Ilinichukua muda kuzoea.

Kwa ninyi mliokulia mbali na korosho, salfa ni unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho wakati wa maua. Usipopuliza, ua linashikwa na ugonjwa tunaouita ubwiriunga: linafunikwa na kitu kama majivu, linanyauka, na mwaka wako umekwisha ungali umesimama shambani unatazama. Salfa ikichelewa ni sawa na isipokuja. Kazi ya mradi ilikuwa kugawa salfa hiyo kwa wakulima kufuata idadi ya mikorosho ya kila mmoja. Bwana shamba anapita vijijini kukagua, anaandika nani anahudumia miti mingapi, na ofisi inatoa kadi ya mgao yenye jina la mkulima, idadi ya miti na idadi ya mifuko. Mwenye kadi anachukua salfa. Asiye na kadi anachukua maelezo.

Miaka ya mwanzo tulifanya kwa kalamu na kikokotoo. Baadaye zikaja kompyuta, nami nikatolewa ghalani nikawekwa mezani kuwa karani wa takwimu. Afisa Takwimu wa kwanza niliyefanya naye kazi, mama mmoja mkali kutoka bara, alinifundisha Ekseli kwa wiki moja. Baada ya hapo aliniachia kila kitu akaenda zake masomoni, na sikumwona tena.

Yeye ndiye aliyeunda lile tuliloliita faili mama, nami niwaeleze lilivyokuwa, maana mambo yote yaliyofuata yamo humo. Shiti moja ilikuwa ya ukaguzi: unaandika alichokileta bwana shamba, jina na miti. Shiti nyingine ilikuwa ya mgao, na hiyo huandiki kitu. Kila kijumba cha jedwali kina fomula, yaani agizo la hesabu, linalokwenda kwenye ukaguzi kuchukua idadi ya miti, linaigeuza kuwa mifuko, linajumlisha kijiji, kata, mpaka chini kabisa. Juu ya hapo kulikuwa na makro. Makro ni agizo refu zaidi, ni kama kibarua aliyelala ndani ya faili: ukibonyeza kitufe anaamka, anapanga majina, anatengeneza kadi, analala tena.

Faili lilikuwa zito na mashine zetu zilikuwa dhaifu. Ukiandika jina moja, mashine inakokotoa wilaya nzima upya, nawe unakwenda kunywa chai unarudi bado inafikiri. Kwa hiyo yule mama aliizima tabia ya kujikokotolea. Tuliandika wee, namba za mgao zikiwa zimesimama palepale zilipokuwa jana, na tukimaliza ndipo tunabonyeza kitufe cha F9, faili linashtuka na kukokotoa kila kitu kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nabonyeza mara mbili. Mara ya pili haikuwa na maana yoyote, lakini hata kufuli la nyumba yangu huwa nalitikisa nikishalifunga.

Nikahamishiwa Ruangwa, ambako walitumia faili mama lilelile. Ofisi ilikuwa vyumba viwili karibu na stendi, wakati mji ukianza kupata kelele za magari ya Lindi na Dar es Salaam kila asubuhi. Bosi wangu alikuwa Mratibu, mtu mtaratibu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, asiyecheka na asiyegomba. Kabla yangu, ofisi ile iliwahi kupokea faili kutoka nje lenye makro mbovu ndani yake, likala mafaili ya msimu mzima. Tangu hapo Mratibu aliiogopa makro kama watu wanavyomwogopa nyoka aliyeingia ndani ya nyumba mara moja. Akatoa amri kwamba hakuna faili litakalotoka pale kwenda makao makuu likiwa hai. Itakwenda nakala kavu.

Neno kavu lilikuwa la kwetu. Korosho ikianikwa inakauka, haioti tena, lakini inahifadhika na inasafiri. Na faili hivyohivyo. Kukausha ni kuchukua shiti ya mgao yote, kuinakili, na kuibandika juu ya yenyewe kwa namna ya kubakiza thamani tupu. Fomula zinaondoka, namba zinabaki. Palipokuwa na agizo la kwenda kuchukua miti ya fulani, sasa pana namba imekaa, haijui imetoka wapi. Halafu unalihifadhi faili kwa jina jingine, katika aina isiyobeba makro. Mashine inakuonya kwamba makro zitapotea. Unaijibu ndiyo, kwa sababu hicho ndicho ulichokitaka.

Ilikuwa njia nzuri, na sitaki mtu asome hapa aseme mimi, Mama Rukia, niliipinga. Faili hai likifunguliwa kwenye mashine nyingine linaanza kutafuta mafaili mengine ambayo hayapo, linajaza vijumba alama za makosa. Mtu akigusa kitu kwa bahati mbaya, jumla zinabadilika. Nakala kavu haina wasiwasi huo. Inasema kilekile kwa kila anayeifungua. Sharti moja tu: ikauke ikiwa imeshaiva. Ukilikausha faili kabla hujalikokotoa, umehifadhi namba za jana, na hakuna atakayejua, kwa sababu namba ya jana na ya leo zina sura moja.

Maelekezo ya kukausha yalibandikwa ukutani, yametoka makao makuu, hatua kwa hatua, yamepigwa chapa vizuri. F9 haikuwemo. Huko makao makuu mashine zina nguvu, zinajikokotolea zenyewe. Nani angewaza kuandika kitu ambacho mashine inakifanya bila kuombwa? Kwetu F9 ilikuwa mkononi, haikuwa ukutani.

Sasa nimlete Bi Somoe.

Alikuwa mkulima wa Likunja, mjane, makamo yangu. Yeye na mumewe walipanda mikorosho yao pamoja, tangu mche. Mume alipofariki, mpwa wa marehemu, Bakari, mtoto wa dada yake, akaja kusimamia shamba. Kwa desturi ya wazee wetu Wamwera, mali ya mwanamume inaangaliwa na watoto wa dada yake, na Bakari hakuja kama mwizi. Alikuja kama mtu aliyetumwa na ukoo. Kwenye kitabu chetu miti yote ikahamia kwenye jina lake. Bi Somoe hakukubali. Alilipeleka shauri kwenye baraza la kijiji, akasimama mbele ya wanaume akaonyesha mti mmoja mmoja aliochimba shimo lake kwa mkono wake. Shauri lilichukua msimu mzima. Mwisho baraza likaamua: upande wa chini ya kijito ni wa mjane, upande wa juu ni wa ukoo.

Bwana shamba akapita, akakagua upya, akaandika hivyo. Bi Somoe akaja ofisini Ruangwa kuhakikisha kama jina lake limefika. Nikamwonyesha kwenye kioo, shiti ya ukaguzi: jina lake na miti yake. Hakuwa msomaji mzuri, lakini alilitambua jina lake.

"Hiyo kadi ikija itakuwa na jina langu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi nitaitia kwenye fremu," akasema. "Picha ya marehemu itasogea kidogo."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Uamuzi wa baraza ulikuwa wa mdomo, na mdomo wa baraza unabadilika mwenyekiti akibadilika. Kadi ya mradi ilikuwa karatasi ya kwanza duniani ya kusema kwamba Somoe ana miti. Salfa aliihitaji kama mkulima mwingine yeyote. Kadi aliihitaji zaidi.

Wiki ya kukausha ilipokaribia, dada yangu alizidiwa kule Mnero, akalazwa. Nikaomba ruhusa nikaenda kumuuguza. Kazi nikamkabidhi Afisa Takwimu mpya, kijana aliyetoka chuoni Dar es Salaam, mwepesi wa mikono na mwenye adabu, aliyeniita mama tangu siku ya kwanza. Hakuwa mjinga, tena Ekseli aliijua kuliko mimi. Aliandika kaguzi zilizobaki, akasoma maelekezo ya ukutani, akayafuata neno kwa neno, akabandika thamani tupu, akaihifadhi bila makro, akalinganisha jumla ya nakala kavu na jumla ya faili mama. Zikalingana. Lazima zingelingana, zote mbili zilikuwa za jana. Alikotoka hakuwahi kuona faili lisilojikokotolea. Akanipigia simu Mnero kunipa pole na kunitoa wasiwasi.

"Mama, faili limeshakwenda. Liko freshi kabisa."

Nikamshukuru. Dada alikuwa hapumui vizuri na sikuuliza zaidi. Tulimzika hukohuko Mnero. Niliporudi Ruangwa, lori la salfa lilikuwa limeshapita vijijini, kadi zimeshagawiwa, na Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi.

Hakunisalimia. Alinipa kadi. Jina lake lilikuwepo, limeandikwa sawasawa. Miti: sifuri. Mifuko: sifuri.

"Nimewapa watu watatu wanisomee," akasema. "Nikadhani mmoja atasoma vingine."

Niliingia ndani bila kuvua mtandio wa msiba. Nikafungua faili mama. Shiti ya ukaguzi ilikuwa na miti yake yote. Kwenye shiti ya mgao makro ilikuwa imelipanga jina lake, lakini mbele yake palikuwa bado na sifuri, na jina la Bakari lilikuwa bado na shamba zima, juu na chini ya kijito. Nikabonyeza F9. Faili likafikiria, halafu namba zikahama kama watu waliogutushwa: za Bakari zikapungua, za Bi Somoe zikasimama. Kijana alikuwa nyuma ya kiti changu.

"Kumbe ilikuwa imezimwa," akasema.

Nikamwita Mratibu aje aone. Akaja, akatazama, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwenye chumba chetu. Nikamwomba tukaushe upya tutume nakala ya pili. Akasema nakala ni moja kwa msimu. Nikaomba basi tutume faili mama lenyewe, walione likiwa hai. Akaniangalia kama nimemwomba amfungulie yule nyoka mlango. Nikashuka bei: tutume barua tu ya kurekebisha jina moja.

"Mama Rukia, nikuulize," akasema. "Hili faili lako, naweza kuandika humu sasa hivi kwamba Likunja yote ni shamba langu?"

"Unaweza."

"Na ile tuliyoituma, naweza kuibadilisha?"

"Iliyoko kwao huwezi."

"Sasa ungekuwa wewe ndiye wao, ungeamini ipi?"

Nimepatana na watu wa kila aina, na najua bei inapofika ukutani. Hapo ilikuwa imefika. Alichosema kilikuwa kweli. Nakala kavu iliaminika kwa sababu haiwezi kubadilika, na faili mama halikuaminika kwa sababu liko hai. Tena nakala kavu haina fomula ya kufuata nyuma. Huwezi kuiuliza sifuri hii umeitoa wapi. Imekaa tu. Mratibu akasema, bila ukali, kwamba marekebisho yatafanyika ukaguzi wa msimu ujao, na kwamba mjane apewe pole kwa niaba ya ofisi.

"Maua hayana msimu ujao, bwana," nikamwambia.

"Najua. Na mimi ni mtoto wa mkulima."

Akarudi chumbani kwake, akafunga mlango polepole.

Nikabaki na njia moja, ile ya sokoni. Mifuko ilikuwa Likunja tayari. Ilikuwa tu kwenye nyumba nyingine. Kijana akanipakia kwenye pikipiki ya ofisi. Hakuombwa, alikuwa na helmeti mkononi kabla sijavaa viatu. Tulimkuta Bakari uwanjani kwake, mifuko imepangwa barazani juu ya magogo isishike unyevu. Mama yake, dada wa marehemu, alikuwa ndani, tulimsikia akikohoa. Bi Somoe alikuja pia, na mwenyekiti wa kijiji, ambaye niliomba awepo.

Bakari aliniamkia, nikaitikia. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kijana alimweleza yote, hata jambo la F9, akajitaja yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyekausha. Bakari hakufurahia wala kukasirika.

"Mama, mimi sikuandika," akasema. "Mimi nimeletewa."

Nikamwambia tunajua. Ila mifuko mingine kati ya hiyo ni ya chini ya kijito, naye anajua chini ya kijito ni kwa nani, alikuwepo kwenye baraza.

"Nilikuwepo. Na nilinyamaza, mama yangu ananitukana mpaka leo. Sasa serikali imeleta karatasi, inasema kama mama."

"Siyo serikali, ni mradi."

"Ina muhuri."

Tukapatana. Sitawachosha na panda shuka yake. Alianza na kusema atapuliza mwenyewe miti yote, maana miti haina kosa, na salfa hatamnyima mtu. Nikakataa: anayepuliza ndiye anayeonekana mwenye shamba. Akashuka, akakubali mifuko ya chini ya kijito itoke barazani kwake iende kwa Bi Somoe, apulize mwenyewe kwa mkono wake. Nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka. Ndipo akaongeza neno lake la mwisho. Atampa mbele ya mwenyekiti, na mwenyekiti ashuhudie kwamba salfa ni ya Bakari, amempa mke wa mjomba kwa hisani.

"Si zaidi ya hapo," akasema. "Mama yangu anasikia."

Ndani kikohozi kilikuwa kimenyamaza.

Nilimvuta Bi Somoe pembeni. Nikamwambia achukue. Nilimwambia kwa maneno yote niliyokuwa nayo: kwamba maua yameshafunguka, kwamba majivu hayangojei haki, kwamba msimu ujao mimi mwenyewe nitakuwa kwenye ile mashine. Kwangu yalikuwa mapatano mazuri. Alikuwa anaondoka na kila mfuko wake.

"Nikiipokea mkononi mwake nimeipokea na miti mkononi mwake," akasema.

"Ni maneno tu, Bi Somoe."

"Mama Rukia, wewe unajua kupatana. Mimi sikuja kuuza."

Akamuaga mwenyekiti, akamuaga Bakari kwa jina, kwa heshima, akaenda zake kwa njia ya miguu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Kijana aliniuliza tufanye nini, nikamwambia awashe pikipiki.

Bakari alifanya alichosema. Alipuliza miti yote, ya juu na ya chini ya kijito, maana miti haina kosa, na maua yakashika vizuri. Bi Somoe alilirudia baraza, baraza likamwomba alete kadi wailinganishe na ya mwenzake, akaileta. Waliitazama, wakamwambia asubiri ukaguzi. Wakati wa kuokota Bakari alimpelekea debe la korosho, na debe likarudi kama lilivyokwenda. Baada ya hapo Bi Somoe aliondoka Likunja, akaenda kwa ndugu wa upande wa mama yake.

Msimu uliofuata bwana shamba akapita kukagua. Fomu yake ilikuwa na swali moja: nani anahudumia. Akafika chini ya kijito, akamkuta Bakari anapalilia, akauliza majirani nani alipuliza mwaka jana na nani aliokota. Majirani si waongo. Akaandika alichoambiwa na alichokiona.

Safari hii nilikuwepo. Kijana alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, chini ya maelekezo ya ukutani, hatua ya kukokotoa kabla ya kukausha, na Mratibu alipita akaiona, akaiacha ibaki. Niliandika kaguzi zote mwenyewe. Nikabonyeza F9, nikangoja, nikabonyeza tena. Nikashuka na kidole mpaka Likunja. Bi Somoe: sifuri. Nikafungua karatasi ya bwana shamba nikalinganisha herufi kwa herufi. Hakukuwa na kosa lolote. Sifuri iliyokuwa imetokana na kitufe sasa ilikuwa imetokana na shamba.

Kijana alisimama kando yangu, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo tunaweza kufanya. Nikamwambia likaushe. Akanakili, akabandika thamani tupu, akahifadhi. Mashine ikaonya kwamba makro zitapotea, akajibu ndiyo.

Nilikausha mafaili mengine mengi baada ya lile, mpaka nilipostaafu. Niliagwa kwa kanga na chupa ya chai. Mratibu alisoma hotuba fupi iliyosema nilikuwa makini, na nilipomshika mkono wa kwaheri alinishikilia muda kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, ikawa ndiyo mazungumzo yetu kuhusu Likunja. Nilirudi Nachingwea, nikajenga kibanda cha duka mbele ya nyumba. Vijana wa ofisi bado wananipigia kuniuliza. Wana mashine mpya zinazojikokotolea, lakini mafaili mengine ya zamani bado yanabeba ule ugonjwa wa kuzimwa. Ukilifungua la kwanza, linayaambukiza na mengine yaliyo wazi. Nawaambia waangalie kwanza kama hesabu iko hai, wakokotoe, ndipo wakaushe. Wasifiche shiti wakasahau kwamba imefichwa. Na lile la mwanzo wasilifute, hata kama hakuna atakayeliamini. Wananishukuru. Wanasema, kwa hiyo tukifanya hivyo tuko salama? Nawajibu kwamba faili litakuwa salama.

Nikikaa dukani mchana, wateja hamna, huwa narudia mambo yale toka mwanzo na toka mwisho. Natafuta mahali ambapo mtu mmoja angefanya vingine. Makao makuu waliandika vizuri kwa mashine zao. Yule mama alizima hesabu kwa sababu ya kweli. Kijana alifuata ukuta, Mratibu alilinda ofisi, bwana shamba aliandika alichokiona. Najumlisha, na jumla haitoki sawa na alichopotelewa Bi Somoe. Inabaki namba ambayo haina wa kuibeba.

Mwaka huu nilikwenda Ruangwa kwa shughuli zangu, nikamkuta sokoni akinunua maboksi ya plastiki yaliyotumika, yale ya kuoteshea miche. Tumezeeka wote. Alinisalimia vizuri, akanipa pole ya dada kana kwamba msiba ulikuwa wa jana. Nikambebea maboksi mpaka kwenye gari la kijijini kwao, na mwisho nikapanda naye, maana sikuwa na haraka ya kwenda popote. Alinionyesha. Kwenye kipande alichopewa na ndugu wa mama yake kulikuwa na mikorosho michanga, mingine inafika gotini, mingine kiunoni, kila mmoja na kiduara chake cha takataka kavu za kutunza maji. Mwanamke wa umri ule na mkorosho wa umri ule, mtu unajua nani atamngoja nani.

Nikamuuliza kama bwana shamba ameshapita huko. Kama hajapita, naweza kumpigia yule kijana, siku hizi ni mkubwa pale ofisini, aitie kwenye ukaguzi ipate salfa itakapoanza kutoa maua.

"Usimpigie," akasema.

Nikamwambia bila salfa itashikwa na majivu.

"Itashikwa. Majivu nayajua, yanakuja na yanaondoka." Akainama, akang'oa jani lililonyauka kwenye mche. "Usiwaambie, Mama Rukia. Wakishaihesabu itakuwa ya kwao kuisema ni ya nani."

Nilitembea naye mpaka mwisho wa shamba, nikageuka, tukarudi kwa mstari mwingine. Idadi ya miti ninayo. Kijiji nakijua. Hapa siandiki hata kimoja.